Pikapu inakula kiasi gani kweli? Pima kabla hujamlipa fundi

Mwaka jana nusura ninunue nozeli nne mpya, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye breki. Nitaeleza mbele ilivyokuwa. Kilichoniokoa ni daftari la kurasa mia moja ninalolitunza kwenye droo ya gari, na nataka kila mwenye pikapu ya kazi awe na lake.

Yangu ni Hilux ya dizeli, dabo kabini, injini ya 2.5 D-4D, gia tano za mkono, niliyoinunua mtumba. Inasomba miche ya parachichi kutoka kitaluni kwangu hapa Njombe kwenda Makambako, Mafinga, na mara nyingi zaidi Songea. Kabla ya miche nilifundisha fizikia sekondari kwa miaka kumi na miwili, kwa hiyo mkinikuta napiga hesabu mahali ambapo wengine wangekisia, mnivumilie.

Ukimuuliza mtu pikapu yake inakula vipi, mara nyingi atakujibu kwa shilingi: "Nikiweka ya laki mbili naenda Songea na kurudi." Shilingi haipimi gari. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, inatangaza bei kikomo mpya, basi laki mbili ya Machi si laki mbili ya Aprili. Mshale wa mafuta nao haufai kupimia, maana ukiwa umeegesha kwenye mwinamo unasoma kingine kabisa. Kipimo ni kilomita kwa lita, na unakipata hivi.

Nenda sheli unayoiamini, pampu ile ile kila safari ikiwezekana, gari likiwa limesimama sehemu tambarare. Hakikisha stika ya Wakala wa Vipimo ipo na namba zinaanzia sifuri. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, na hapo hapo uache. Mhudumu akitaka kuongeza kidogo ili namba ifike sawasawa, mkatalie kwa upole, kwa sababu hicho "kidogo" ndicho kinachoharibu hesabu. Andika namba ya kilomita kwenye dashibodi. Fanya safari yako. Ukirudi, jaza tena kwenye pampu hiyo hiyo mpaka ijikate. Lita zilizoandikwa kwenye risiti ya EFD ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa lita. Safari moja haitoshi, chukua tatu au nne ndipo useme unaijua gari yako.

Usishangae namba yako ikiwa chini ya ile iliyoko kwenye karatasi ya kiwanda. Magari mengi ya umri wa pikapu yangu yaliyouzwa Ulaya yalipimwa kwa utaratibu uitwao NEDC: gari linazungusha magurudumu juu ya mitambo ndani ya jengo, kilomita 11 tu kwa muda usiofika dakika 20, mwendo wa wastani kama kilomita 34 kwa saa. Hakuna mlima wala upepo wa mbele, na hakuna miche 600 mgongoni. Utaratibu huo ulianza kubadilishwa mwaka 2017 kwa sababu ulikuwa mbali mno na barabara. Namba ya kiwanda ifae kulinganisha gari na gari siku ya kununua, basi.

Sasa jambo ambalo wengi hawaliangalii: je, dashibodi yako inasema kweli? Aliyeniuzia pikapu alikuwa ametoa tairi za asili, 205R16, akaweka 265/70R16 ili ionekane imesimama. Tairi ya asili ina kipenyo cha sentimita 74 hivi, hii mpya ina karibu 78. Tairi kubwa inakwenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, lakini dashibodi inahesabu mizunguko ikidhani ni tairi ile ya zamani. Nilifungua ramani ya simu, nikasafiri kilomita 100 kamili kwa simu, dashibodi ikasoma 95 na nusu. Kwa hiyo kila kilomita za dashibodi nazizidisha kwa 1.047. Safari moja ya Songea bila mzigo dashibodi ilionyesha 452 kwenda na kurudi, mafuta lita 43.4. Bila kusahihisha ningeandika 10.4 kwa lita. Kwa kilomita za kweli, 473, ni 10.9. Nusu kilomita kwa kila lita ilikuwa inapotea kwenye hesabu tu. Na jihadhari na upande wa pili: spidi nayo inasoma pungufu, unaweza kupigwa faini ukiamini umetii.

Pima kwenda na kurudi, kamwe usipime upande mmoja. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Songea kama 1,150. Mimi nashuka na mzigo, narudi mtupu nikipanda. Kuipandisha pikapu ya tani mbili mita 800 kunahitaji nishati ya karibu jouli milioni 16. Lita ya dizeli ina kama milioni 36, na injini inaitumia theluthi yake tu, nyingine inakuwa joto. Maana yake mlima peke yake unakula lita moja na robo hivi, hata ungeendesha kwa ustadi gani. Mtu wa Songea akipima gari yangu kwa safari ya kushuka ataisifu bure, na wa Njombe akiipima kwa safari ya kupanda ataionea.

Nikaenda kwenye jambo lililonipa faida kubwa kuliko yote: upepo. Miche napanga kwenye viriba, ghorofa tatu za fremu ya chuma ndani ya bodi, miche 200 kila ghorofa. Ghorofa ya juu ilikuwa inazidi paa la kabini kwa zaidi ya nusu mita, na juu yake nilifunga neti ya kivuli isiyokazwa, ikipigapiga njia nzima. Fremu hiyo ilikuwa imechomelewa, haitoki, kwa hiyo hata nikirudi mtupu ilikuwa inakata upepo. Daftari lilikuwa linasoma kilomita 9.1 kwa lita.

Wazo la kwanza lilikuwa kupunguza ghorofa moja. Nikajaribu safari mbili, miche 400, nikapata 10.6, nikafurahi. Halafu nikakaa jioni na kalamu. Miche 600 kwa 9.1 ni lita 52 za safari ya Songea, zile kilomita 473. Miche 400 kwa 10.6 ni lita 44.6. Gawanya kwa miche: ghorofa tatu zinatumia sentilita 8.7 kwa mche, ghorofa mbili sentilita 11. Gari ilikuwa inaonekana bora huku kila mche ukinigharimu zaidi! Tangu siku hiyo nina safu mbili kwenye daftari, kilomita kwa lita na lita kwa mzigo, na kwa gari ya biashara ya pili ndiyo inayoamua.

Basi nikarudisha ghorofa tatu, ila nikampelekea mchomeleaji ile fremu aikate iwe vipande vya kufunga kwa bolti. Mbele nikaweka turubai lililokazwa kwa mwinamo, kuanzia paa la kabini kupanda hadi ncha ya mzigo, ili upepo uteleze badala ya kugonga ukuta. Juu neti imebaki, kwa sababu miche inahitaji hewa, lakini imevutwa mpaka haitikisiki. Tukishamaliza kushusha kwa mkulima, kijana wangu anafungua bolti kumi na mbili na kulaza fremu ndani ya bodi. Inachukua dakika ishirini. Daftari likapanda hadi 10.2, yaani lita tano na nusu hivi zimebaki kwenye tenki kila safari.

Wapo wanaoshusha mlango wa nyuma wa bodi wakirudi watupu, wakiamini upepo utapita. Acheni. Bodi ikiwa imefungwa, hewa inajikunja ndani yake kama mto, na upepo wa juu unateleza juu ya huo mto hadi nyuma. Ukishusha mlango unauvunja, na hupati kitu.

Mwendo nao ni upepo ule ule kwa jina jingine. Ukitoka 80 kwenda 110, nguvu ya upepo inayokuzuia inakaribia mara mbili. Kati ya Makambako na Mafinga, penye kunyooka, nimemwambia dereva 85 mwisho. Anachelewa dakika chache, na miche inafika na majani yake.

Na sasa zile nozeli. Kuna kipindi daftari lilianza kushuka bila sababu: 10.2, 9.6, 9.1, 8.8. Mzigo ule ule, barabara ile ile. Nikaipeleka gereji moja. Fundi alisikiliza injini dakika mbili akasema, "Mama, hapa nozeli zimekufa zote nne, na pampu tuiangalie." Bei aliyotaja ilikuwa faida yangu ya miezi miwili. Nikamuuliza mbona hakuna moshi mweusi na mbona asubuhi inawaka kwa mguso mmoja. Akasema dizeli za kisasa hazionyeshi. Moyo haukukubali, nikaiondoa.

Siku iliyofuata dereva alirudi kutoka Makambako, kilomita 60 hivi. Kabla hajaegesha nikamwambia, "Mwanangu, usiguse kitu, niletee maji kwenye kikombe." Nikapitisha mgongo wa mkono karibu na kila ringi bila kuigusa. Tatu zilikuwa na vuguvugu. Ya mbele kushoto ilikuwa inachoma kwa mbali. Nikadondosha maji kwenye bolti zake, yakachemka na kukauka kwa sauti. Kalipa, kile kishikio kinachobana pedi za breki kwenye diski, ilikuwa imekwama, pini zake zimeota kutu, pedi inasugua diski muda wote. Safari nzima tulikuwa tunakanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Pini zikasafishwa, zikapakwa grisi yake, raba za kuzuia vumbi zikabadilishwa. Safari iliyofuata, 10.1.

Kwa hiyo fanya jaribio hilo kila mwezi, kwa magurudumu yote manne, baada ya safari ambayo hukufunga breki sana. Pia kwenye uwanja tambarare weka nyutro, achia hendibreki: watu wawili wazima wanapaswa kuisogeza pikapu tupu kwa kusukuma. Isiposogea, tafuta kinachoishika kabla hujagusa injini.

Mengine nitayapitia upesi. Upepo wa tairi pima asubuhi gari likiwa baridi, kwa namba za stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na ujue tairi za nyuma zina namba yake ya mzigo. Ukitoka kwenye matope, rudisha kirungu cha foo wili kutoka H4 (magurudumu manne) hadi H2 (mawili) kabla hujapanda lami. Kuwasha gari robo saa nzima ili ipate joto, kama tunavyofanya Njombe mwezi Juni umande ukiganda, ni kuchoma mafuta bure: dakika moja inatosha, kisha ondoka taratibu.

Na mteremkoni, tafadhalini, msiweke nyutro. Kwenye kona za Lukumburu, njia ya Songea, nimeona magari yakishuka hivyo na mzigo, na roho yangu ikaruka. Injini hizi zinazoendeshwa kwa kompyuta zinakata mafuta kabisa ukiachia pedeli huku gia imeingia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka nyutro inabidi inywe mafuta ili isizime, na breki zinabaki peke yake. Teremka na gia ya tatu, mguu nje ya pedeli.

Jumatano ya kwanza ya mwezi nafungua ukurasa mpya. Juu naandika bei ya dizeli ya Njombe iliyotangazwa, chini yake 473 gawanya kwa wastani wa safari tatu za mwisho, mara bei hiyo, gawanya kwa 600. Hiyo ndiyo shilingi ya mafuta kwa kila mche wa Songea mwezi huo, na mkulima akiniuliza kwa nini usafiri umepanda namwonyesha ukurasa.