Somo: Kutatua maswali ya duara kwa kutumia tanjenti

Swali la tanjenti (mstari unaoligusa duara kwenye nukta moja tu) likikukwamisha, angalia mchoro kwanza kabla ya kulaumu kanuni. Mara nyingi mstari unaofungua swali haujachorwa. Ni wewe wa kuuchora.

Mfano: duara lina kitovu O na nusukipenyo cha sm 5. Nukta P iko nje ya duara, OP = sm 13. Kutoka P, tanjenti mbili zinaligusa duara kwenye A na B. Tafuta PA.

Hatua ya 1: Unganisha O na A, kisha O na B. Usiguse hesabu kabla ya hapo.

Hatua ya 2: Weka alama ya pembe mraba pale A na pale B, maana nusukipenyo hukutana na tanjenti kwa nyuzi 90.

Hatua ya 3: Chora OP. Sasa una pembetatu OAP na OBP. Zote zina pembe mraba, OA = OB, na OP ni ya zote mbili, hivyo ni sawa kabisa. Ndiyo maana PA = PB, na OP huigawa pembe APB nusu kwa nusu.

Hatua ya 4: PA² = 13² − 5² = 144, hivyo PA = sm 12. Hapa wengi hujumlisha. OP inatazamana na pembe mraba, kwa hiyo ndiyo upande mrefu: unatoa.

Maswali ya wanachama

*Kwa nini lazima iwe nyuzi 90?*
Nukta nyingine zote za tanjenti ziko nje ya duara, mbali zaidi na O kuliko A. OA ndiyo njia fupi kabisa ya kufika kwenye mstari huo, na njia fupi kabisa hukutana na mstari kwa nyuzi 90.

*APB ni nyuzi 50 na C iko kwenye duara. ACB ni ngapi?*
Pembenne OAPB ina nyuzi 360; pembe mraba mbili zinachukua 180, hivyo AOB = 180 − 50 = 130. C ikiwa kwenye tao kubwa (sehemu ndefu ya duara kati ya A na B), ACB ni nusu ya AOB, yaani 65. Ikiwa kwenye tao dogo, 180 − 65 = 115. Swali lisiposema, toa majibu yote mawili.

*Na duara likiwa ndani ya pembetatu yenye pande 13, 14 na 15, likigusa pande zote tatu, tanjenti kutoka kila kona zina urefu gani?*
Kila kona inatoa tanjenti mbili zilizo sawa. Ziite x, y, z. Basi x + y = 13, y + z = 14, z + x = 15. Jumla x + y + z = 21, hivyo z = 8, x = 7, y = 6.