Kabla Hujaitisha Baraza Kuhusu Mionzi ya Simu Lamu: Mambo ya Kuzingatia

Fundi akionekana tu juu ya paa la jirani akifunga antena, habari huwa imetoka Langoni ikafika Mkomani kabla ya adhana ya alasiri: tunaletewa mionzi. Hapo atatokea mtu, mara nyingi mwalimu au kijana wa kikundi cha mtaa, aseme watu wakusanyike waelimishwe. Wazo ni zuri, na kuuliza ni haki yao. Lakini mkutano wa aina hii huharibika upesi. Ukiutangaza kwa jina la "Mnara Unaua", watu watajaa, watapaza sauti, kisha watarudi majumbani na hofu kifuani na simu ileile kiunoni. Kwa hivyo kabla ya kutafuta mikeka na kipaza sauti, amua kwanza unataka watu wafanye nini kesho yake asubuhi. Mimi ningegawa hivi: kama mna saa moja, dakika arubaini ziende kwa simu iliyo mkononi na ishirini kwa mnara. Wengi hugeuza hesabu hiyo, na sababu za kutoifuata njia yao nitazieleza.

Anayesimama kuzungumza awe anajua ni mionzi gani anayoizungumzia. Simu, waifai na minara hutumia mawimbi ya redio. Mawimbi haya hayawezi kuvunja chembe za urithi kama inavyoweza eksirei. Hata mwanga wa taa uko juu yake katika ngazi ya nguvu. Madhara yaliyothibitika ni ya joto, pale mawimbi yanapokuwa makali mno. Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, ICNIRP, iliyotoa miongozo yake mwaka 1998 na kuipitia upya 2020, imeweka mpaka wa mwili mzima kwa raia wa kawaida mara 50 chini ya kiwango kinachoanza kuleta joto la kudhuru. Kwa simu inayoshikwa kichwani mpaka ni wati 2 kwa kilo ya mwili. Marekani wanatumia 1.6. Namba hizi ziwe kwenye karatasi yako, lakini usifungue nazo mkutano, watu watalala.

Kitakachowaamsha ni suala la saratani, na hapa jiandae vizuri kuliko popote. Mwezi Mei 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, lilikutana Lyon, Ufaransa, likayaweka mawimbi ya redio katika kundi 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani ila ushahidi wake ni mdogo. Mtu akilisikia hilo peke yake atatoka mbio. Basi mwambie na waliomo ndani ya kundi hilo: achari za mboga za kiasili za Asia, na dondoo ya jani zima la shubiri. Halafu mtajie kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika bila shaka. Limo jua. Imo tumbaku. Imo popoo, na tambuu yenyewe, iwe na tumbaku au bila. Angalia basi wazee wangapi barazani watakuwa wanalalamikia antena huku shavu moja limevimba kwa tambuu. Usiwacheke, ni wakubwa wako, lakini usiliache jambo hilo likapita bila kutajwa. Kama nia ni kuwakinga watu na saratani, tambuu ina haki ya kupewa dakika zake.

Upande wa pili usiufiche pia, kwa sababu yupo kijana atakayekuwa ameshausoma. Uchunguzi mkubwa wa Interphone, uliofanywa katika nchi 13 na kuchapishwa 2010, haukuona ongezeko la jumla la saratani ya ubongo kwa watumiaji wa simu, ila kwa wale waliosema wamezungumza saa 1640 au zaidi kulionekana dalili ya ongezeko la aina moja, glioma. Saa hizo ni kama nusu saa kila siku kwa miaka kumi. Watafiti wenyewe walionya kwamba watu walikuwa wakikumbuka matumizi yao vibaya, na wapo waliodai saa zisizoingia akilini. Mwaka 2018 Marekani ilitangaza matokeo ya panya waliopigwa mawimbi mwili mzima saa tisa kwa siku kwa miaka miwili: baadhi ya panya madume walipata uvimbe wa saratani moyoni, na madume hao waliopigwa, kwa jumla, waliishi muda mrefu kuliko wenzao wasiopigwa. Ukieleza nusu ya kwanza ukaiacha ya pili, umedanganya. Mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa 2024 hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia zaidi ya miaka kumi. Na mwaka huohuo jopo la washauri wa IARC lilipendekeza mawimbi haya yachunguzwe tena kwa kipaumbele. Mambo hayo mawili hayagombani. Wasikilizaji wa Lamu ni watu wazima, waeleze yote mawili uone kama hawataelewa.

Sasa mnara. Antena hazimwagi mawimbi chini ya miguu yake. Huyatupa mbele, yakiinama kidogo kuelekea mbali. Ndiyo maana nyumba iliyo chini kabisa ya mnara mara nyingi hupata kiasi kidogo kuliko ile ya mita mia na kitu mbele, na zote mbili kwa kawaida huwa mbali chini ya mpaka. Umbali ukiongezeka mara mbili, ukali hushuka hadi robo. Pahali pa kuogopa kweli ni mbele ya uso wa antena yenyewe, mita chache. Kwa hivyo swali la maana Mji wa Kale, ambako mapaa yanakaribiana na ghorofa za makuti zimepandishwa juu ya nyumba za zamani, ni hili: je, kuna paa la mtu, kamba ya kuanikia nguo au chumba cha watoto kinachotazamana na uso wa antena kwa kimo kimoja? Kabla ya mkutano panda juu ukaangalie, kwa idhini ya mwenye nyumba. Jambo hilo moja likionekana lina uzito kuliko hotuba nzima.

Kisha kuna jambo ambalo huwashangaza watu, nalo ni la kwetu hasa. Simu hupandisha nguvu zake pale mtandao unapokuwa hafifu, na huzishusha mnara unapokuwa karibu. Nyumba za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta za karibu nusu mita. Mtu akijifungia ndani kabisa, nyuma ya misana miwili, yaani vile vyumba virefu vya ndani, akizungumza saa nzima na nduguye aliye Mombasa, kijiti kimoja cha mtandao kinakuja na kupotea, simu hiyo inapiga kelele kwa nguvu zake zote ikiwa imebanwa sikioni. Atoke kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, chini ya mbingu, vijiti vitapanda na simu itatulia. Utaona basi ugumu wa kudai mnara uhamishwe mbali sana: kinachopungua kwenye paa huenda kikaongezeka kwenye sikio. Wavuvi wa Kizingitini na Faza wanaopiga simu wakiwa nje ya mwamba wako katika hali hiyohiyo. Wao waambiwe tu wazungumze kwa ufupi, au watume ujumbe.

Ushauri wa simu yenyewe ni mfupi, ila uonyeshe kwa vitendo. Tumia spika au visikizi vya waya, kwani sentimita chache tu kutoka kichwani zinabadilisha mengi. Wanaume hapa huizungushia simu kwenye pindo la kikoi, ikagusa ngozi kutwa. Wanawake huifunga kwenye pindo la leso au kuitia kifuani. Vijitabu vya simu nyingi, vile vinavyotupwa pamoja na boksi, husema simu ilipimwa ikiwa na nafasi ya milimita kadhaa kutoka mwilini. Mfuko wa kanzu au mkoba unatosha. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asiiweke upande huo wa kifua, abakishe walau sentimita 15. Kwa watoto, tahadhari ni ya busara hata bila uthibitisho: ripoti ya Stewart ya Uingereza ilishauri mwaka 2000 watoto wasihimizwe kupiga simu zisizo za lazima, na Ufaransa ilipiga marufuku waifai katika vyumba vya kulelea watoto wa chini ya miaka mitatu kwa sheria ya 2015.

Waambie wabonyeze *#07#. Simu nyingi zitaonyesha kiwango chake cha juu cha mawimbi yanayofyonzwa na mwili, au kuelekeza kilipo. Elimu hiyo haihitaji mradi wala mfadhili.

Kuna watu wawili usiwaalike. Wa kwanza ni muuzaji wa vibandiko vya kuzuia mionzi. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, imewaonya wanunuzi kwamba vifuniko kama hivyo havina ushahidi wa kufanya kazi, na vikiziba mawimbi huweza kuifanya simu iongeze nguvu. Wa pili ni kijana mwenye programu ya "kupima mionzi" kwenye simu yake. Programu hizo husoma kihisi cha dira, yaani sumaku, si mawimbi ya redio. Isogeze kwenye sufuria ya alumini, inanyamaza. Isogeze kwenye ulimi wa mbuzi ya nazi, inapanda na kulia. Ukitaka, mwalike kwa onyesho hilo tu, watu watacheka na watakumbuka. Kipimo cha kweli hufanywa na mtaalamu mwenye chombo maalumu, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ndiyo mlango wa kuombea.

Siku na saa: baada ya swala ya alasiri, si Ijumaa adhuhuri, na si Ramadhani watu wakiwa wanawaza futari. Kama mnataka watu wa Matondoni na Kipungani, tazameni maji kwanza. Mkutano wakati maji yamekupwa ni mkutano wa watu wa mjini peke yao. Wanawake wengi hawatakuja kuketi Mkunguni mbele ya Ngome, basi pangeni kikao chao katika madrasa au nyumba ya mtu, na mzungumzaji awe mwanamke. Hilo si la hiari, wao ndio wenye simu zinazochezewa na watoto.

Atasimama mama aseme tangu antena ifungwe hapati usingizi, kichwa kinamgonga. Asikatizwe. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2005 kwamba dalili za aina hiyo ni za kweli na zinaweza kumlemaza mtu, ila majaribio ambamo mtu hakujua kama mawimbi yamewashwa hayakuonyesha kuwa mawimbi ndiyo chanzo. Mwambieni kwa heshima aende kupimwa presha na damu, kwa sababu kumwachia antena lawama yote ni kumnyima matibabu. Pengine pia ni jenereta ya mnara inayonguruma usiku. Hilo ni lalamiko halali kabisa, pamoja na moshi wake.

Mwisho ni karatasi, na bora ziandaliwe kabla ya mkutano. Mnara mpya huhitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mazingira ya 1999, mbele ya mamlaka ya kitaifa ya mazingira, NEMA. Urefu wake ni suala la mamlaka ya usafiri wa ndege, maana uwanja wa Manda uko karibu. Ndani ya Mji wa Kale, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, ofisi ya Makumbusho ina la kusema. Sheria ya kupata habari ya 2016 inampa ofisa wa umma siku 21 kujibu ombi lako, kwa hivyo barua ya kuomba nakala ya tathmini na vipimo itangulie, mkutano ufuate. Rufaa kwa jopo la kitaifa la mazingira ina ukomo wa siku 60 tangu uamuzi, na mitaa mingi huanza kupiga kelele siku hizo zimeshakwisha. Barua isainiwe na watu wanaoishi kwenye mtaa wenyewe, igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala moja ikae kwa mzee wa mtaa.