Kufungiana ahadi na mwenzio pale sheria haijawatambua: anzeni na makaratasi, pete baadae

Mimi na mwenzangu tulifungiana ahadi Septemba 2008, Minneapolis, uwani kwa rafiki yetu, watu kama 30 hivi, pilau, soda, keki, na vigelegele vya wamama watatu ambao sitawasahau mpaka naingia kaburini. Wakati huo Minnesota ndoa ya wanawake wawili haikuwepo, imekuja kuanza 1 Agosti 2013, kwa iyo karibu miaka 5 mbele ya watu wetu tulikuwa tumeoana ila mbele ya serikali sisi ni wapangaji wawili wanaochangia kodi. Naandika manake bado kuna watu wetu wako kwenye nchi za namna hiyo, mfano Japani, ambako Shibuya, wilaya ya jiji la Tokyo, walianza kutoa vyeti vya wenza 2015 na miji mingi ikafuata ila cheti kile si ndoa, na maswali yao ni yale yale tuliyokuwa tunajiuliza sisi.

Kwanza kabisa, kama uko nyumbani Afrika Mashariki, naomba usichukue haya ukaenda kupanga shughuli. Kenya na Tanzania sheria za tangu mkoloni bado zinafunga watu, na ile ya Uganda ya 2023 imegusa hadi sherehe yenyewe. Na hata ukiwa nje, ogopa picha. Sisi tuliweka kikapu mlangoni, kila mtu anaacha simu, mpiga picha mmoja tu, na picha zikabaki kwetu. Wageni wengine wana mama zao kijijini na picha moja ikitembea anayeumia ni yule mama, sio wewe uliyeko huku na barafu.

Haya, makaratasi. Watu wanaanza na ukumbi na nguo, mimi nasema anzeni na wakili, na sababu yangu ina majina. Sharon Kowalski na Karen Thompson waliishi hapa hapa Minnesota, walivishana pete kimya kimya 1979, wakanunua nyumba pamoja. Novemba 1983 Sharon akagongwa na dereva mlevi, akaumia ubongo, akashindwa kuongea vizuri. 1985 mahakama ikampa baba yake usimamizi, yaani haki ya kumuamulia Sharon mambo yake, na baba akamzuia Karen kumuona, ikapita zaidi ya miaka 3 Karen hajaruhusiwa hata kumshika mkono, na kesi imekuja kwisha Desemba 1991 mahakama ya rufaa ilipompa Karen usimamizi. Miaka 8! Pete walikuwa nazo, kilichokosekana ni karatasi iliyoandikwa na Sharon mwenyewe akiwa mzima kwamba nikiumwa wa kuniamulia ni huyu.

Kwa iyo kila mmoja wenu aandike karatasi ya matibabu, nani aamue ukiwa hujitambui na nani aruhusiwe kukuona, halafu ya pesa na mali, nani ashike akaunti na kulipa bili, halafu wosia. Mweke msitari pia kwamba ikibidi mahakama iteue msimamizi basi unamtaka mwenzio, huo watu wengi wanausahau. Bima ya maisha na pensheni hazifuati wosia, zinafuata jina lililojazwa kwenye fomu yao, nenda kalibadilishe huko huko. Nyumba iandikwe majina yote mawili kwa namna ambayo mmoja akifa inabaki kwa mwingine bila kupita mahakamani, wakili anajua maneno yake. Mashahidi wa kusaini wasiwe watu mnaowarithisha. Minneapolis walikuwa pia na daftari la wenza tangu 1991, tukajiandikisha, haikutupa mengi ila ni ushahidi wa tarehe, kama mji wenu unayo jiandikisheni.

Halafu kuna jambo ambalo wakili wa Kizungu hatakuuliza, maiti. Sisi tunajijua, mtu akifa ughaibuni ndugu wanachanga, mwili unasafirishwa, na waliokuwa hawapokei simu zako ndio wanakuwa wenye msiba. Wakenya wa umri wangu wanakumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno, alifariki Desemba 1986, mkewe Wambui akapigania kumzika kwenye shamba lao karibu na Nairobi, akashindwa na ukoo, mzee akazikwa kijijini kwao Nyalgunga Mei 1987. Yule alikuwa mke wa ndoa halali! Sasa wewe usiye na cheti utasimama na nini? Andikeni nani ana haki na mwili, wapi pa kuzikwa, kwa dini gani, na nani alipe nauli kama ni kusafirisha. Tulikaa jioni mbili nzima kwenye hilo, tukalia sana, lakini ndio siku niliyojiona nimeolewa.

Kuna njia ya zamani watu walitumia ya kumuasili mwenzio kama mtoto, hata Bayard Rustin, yule aliyeandaa maandamano ya Washington ya 1963, alimuasili mwenzake Walter Naegle 1982 kwa kukosa njia nyingine. Namwelewa kabisa ila siwashauri, mnageuka mzazi na mtoto kisheria na siku ndoa ikiruhusiwa mnaanza kuhangaika kuifuta.

Sasa sherehe. Nani aisimamie? Huku makanisa ya MCC (Metropolitan Community Church) yalianza na mchungaji Troy Perry Los Angeles 1968 na yamefungisha wapenzi wa jinsia moja tangu mwanzo, miaka mingi kabla ya sheria yoyote, na Waunitaria (kanisa la Unitarian Universalist) walipitisha rasmi 1984 kuunga mkono ibada hizi. Kama dini haiwapi nafasi basi mtu mzima mnayemheshimu anatosha, sisi alisimama mama mmoja mstaafu tunayemwita shangazi. Mwambieni tu asitamke yale maneno ya "kwa mamlaka niliyopewa na serikali", hana mamlaka hayo, na siku hiyo hamtaki neno hata moja la uongo. Yeye alisema "mbele yenu nyote mlioona", ikatosha.

Mashahidi ndio roho ya shughuli. Tuliiga Waquaker, dhehebu la Kikristo, kwao kila aliyehudhuria anasaini cheti, hadi watoto. Tukaandika ahadi zetu kwenye karatasi kubwa nene, ikawekwa mezani na kalamu, watu wakasaini kabla ya kupewa sahani. Iko ukutani mpaka leo na watatu kati ya waliosaini wameshatangulia mbele za haki. Ahadi zenyewe msinakili mtandaoni, semeni mnachoweza kutimiza. Mimi niliahidi kumpeleka kliniki ya sukari kila miezi mitatu bila kununa.

Mila zetu msiziache, zipindeni. Mshenga tulimtuma kweli, rafiki yangu alienda kwa kaka yake mwenzangu, ndugu pekee aliyekuwa anaongea na sisi, na barua ya posa na doti ya khanga. Kaka alisoma akanyamaza siku nne halafu akapiga simu kuuliza shughuli inaanza saa ngapi. Mahari hatukulipana, tulipeana khanga pande zote mbili. Kamati iwe ya watu 4 au 5 mnaowaamini, michango ipitie kwa mmoja, msifungue grupu kubwa la simu manake grupu kubwa halina siri. Kwenye mwaliko andikeni wazi ni ahadi ya maisha, sio pati, asiyeweza asije na msimgombeze.

Pete sio lazima. Edie Windsor wa New York alichumbiwa na mwanamke mwenzake Thea Spyer 1967 kwa bruchi ya almasi, kwa sababu pete kidoleni ingezua maswali kazini. Waliishi hivyo miaka 40 mpaka wakaoana Toronto 2007, Thea akafariki 2009 na serikali ikamdai Edie kodi ya mirathi dola 363,053 ambayo mjane wa mwanaume asingelipa, akashtaki, akashinda Juni 2013. Sisi tulivaa cheni chini ya nguo.

Mkishamaliza, toeni kopi za kila karatasi, seti moja nyumbani, moja kwa rafiki, moja kwenye gari. 2011 mwenzangu alikatwa kidole tumbo usiku wa manane, nesi akaniuliza wewe ni nani yake, nikampa bahasha, akasoma ukurasa wa kwanza akanivutia kiti pembeni ya kitanda. Na sheria ikija kubadilika msizichane. Sisi tulisaini cheti cha ndoa Agosti 2013 lakini majimbo mengine yalikuwa bado hayatutambui mpaka uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani 26 Juni 2015, kwa iyo kila tukisafiri bahasha ilikuwa ndani ya gari, na mpaka sasa iko humo humo.