Marx, Durkheim na Weber: namna ya kuwalinganisha kwa mfano wa uvuvi wa Lamu

Ukiandika insha ya kuwalinganisha Marx, Durkheim na Weber, waasisi watatu wa sosholojia (elimu ya jamii), usianze na wasifu wa kila mmoja. Hapo ndipo insha nyingi huzama. Chagua jambo moja, tuseme uvuvi wa Lamu, uwaulize wote swali lile lile: ni nini kinachowaunganisha au kuwatenganisha watu hawa?

Marx (*Kapitali*, 1867) ataanza na mashua na nyavu ni za nani, na baharia hubaki na fungu gani mwenye chombo akishachukua lake. Durkheim, katika kitabu chake cha 1893 kuhusu mgawanyo wa kazi, angetazama nahodha, fundi wa mashua na mchuuzi wa samaki wanavyotegemeana.

Weber ndiye anayekosewa zaidi. Wengi humfanya mtu aliyedai kuwa dini ndiyo iliyozaa ubepari. Hakudai hivyo: katika makala zake za 1904 na 1905 alikataa waziwazi kuweka sababu moja ya kidini mahali pa sababu moja ya kiuchumi. Kwake, uliza nahodha mwenyewe anaipa kazi yake maana gani, na baharia humtii kwa nini: desturi, haiba au sheria?

Panga aya kwa maswali, si kwa majina. Na angalia miaka: Marx alifariki 1883, kwa hiyo usimwandike kana kwamba anawajibu wenzake.