Jinsi ya Kuchagua Drili ya Betri Yenye Kichwa Kinachobana Biti Bila Kuteleza

Wanunuzi wengi huuliza kwanza volti na bei, ilhali nguvu yote ya mota hupitia kwenye kichwa kinachoshika biti. Kichwa hicho kikiwa dhaifu, biti hujizungukia ndani yake, mkia wake hukwaruzika, na tundu la kitasa kwenye mlango wa mninga hutoka pana kuliko lilivyopimwa. Ninachoeleza hapa ni namna ya kukikagua kichwa kisichotumia ufunguo, yaani kile kinachokazwa kwa mkono, kabla hujatoa fedha.

Hatua ya 1: Amua ukubwa. Vichwa vya milimita 10 huonekana zaidi kwenye drili za volti 12, na vya milimita 13 kwenye zile za volti 18. Kwa bawaba na skrubu za kabati, kile cha milimita 10 kinatosha na mashine huwa nyepesi mkononi. Kwa mageti na vitasa vya milango, chukua cha 13. Soma pia kipimo cha chini, kwa sababu vichwa vingi vya milimita 13 huanzia milimita 1.5 na havishiki biti nyembamba zaidi. Usiongeze bei kwa ajili ya maandishi ya volti 20, kwani mara nyingi hiyo ni betri ileile ya 18, yenye seli 5 za volti 3.6, iliyopimwa ikiwa imejaa chaji.

Hatua ya 2: Nenda dukani na biti zako. Zinatosha mbili: moja nyembamba iliyonyooka kabisa, na nyingine nene yenye mkia laini wa mviringo.

Hatua ya 3: Kagua meno na pete. Toa betri, fungua kichwa, kisha kifunge polepole huku ukitazama ndani. Meno yote matatu yanapaswa kusogea pamoja na kukutana katikati. Jino moja likibaki nyuma, irudishe mashine hiyo. Pete ya plastiki, ile unayoizungusha kwa mkono kukaza, si kasoro yenyewe, maana kinachobana ni meno ya chuma yaliyo ndani. Mimi hupendelea kichwa kinacholia "tik-tik" kinapokazwa, kwa kuwa mlio huo ni wa kufuli dogo linalozuia pete isijilegeze kwa mtikisiko wa kazi.

Hatua ya 4: Tazama ncha ya biti. Rudisha betri, funga biti nyembamba, weka gia ya 1, ile ya mwendo wa polepole, na uizungushe taratibu mbele ya karatasi nyeupe. Ncha ikichora duara, itoe biti, igeuze kidogo na uifunge tena, kisha jaribu biti nyingine ili ujue kama iliyopinda ni biti au ni shafti, yaani mhimili unaozungusha kichwa. Baada ya hapo toa betri na ukitikise kichwa kwa mkono. Mchezo mdogo wa mbele na nyuma ni wa kawaida, lakini ule wa kushoto na kulia unaosikika waziwazi mkononi usiukubali.

Hatua ya 5: Jaribu mbano wenyewe. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na muuzaji makini hatakinyima. Funga biti nene, ikaze mpaka pete ikatae kuendelea, kisha chora kwa kalamu ya wino mstari mmoja ulionyooka unaotoka kwenye mkia wa biti hadi kwenye uso wa kichwa. Toboa kipande cha mbao ngumu kwa gia ya 1, ukiwa umeishika mashine kwa mikono miwili, kwa sababu biti ikikwama ghafla inaweza kukutegua kifundo cha mkono. Ukimaliza, tazama mstari: ukiwa umekatika na pande zake mbili zimepishana, biti iliteleza.

Hatua ya 6: Uliza kama kichwa kinabadilishwa. Fungua meno hadi mwisho na uchungulie chini kwa tochi. Ukiona skrubu, kwa kawaida kichwa kimefungwa kwenye shafti kwa uzi wa kuzungusha, kama wa skrubu, na kinaweza kubadilishwa kikichakaa. Skrubu hiyo hufunguka kwa kuizungusha kulia, kinyume cha nyingine.

Ikiwa kazi yako kubwa ni kutoboa zege, nunua kwa ajili hiyo mashine ya SDS, yaani drili ya nyundo ambayo biti yake huchomekwa na kujifunga yenyewe, kwa kuwa vumbi la saruji na mapigo ya nyundo huyala meno ya kichwa cha kukazwa kwa mkono. Unapolazimika kutoboa dari kwa drili hii, fungua kichwa baada ya kazi, kielekeze chini na ukigongegonge kwa kiganja hadi vumbi limwagike. Usitie grisi kwenye meno, kwani hulinasa vumbi hilohilo.