SOMO: Kupanga insha ya utafiti kuhusu mitandao ya kijamii (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila muhula ukikaribia kuisha napokea ujumbe uleule: "Naomba mpangilio wa insha ya athari za mitandao ya kijamii." Naandika hapa mara moja. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kodi ya mitandao ya kijamii ya Uganda, iliyoanza 1 Julai 2018 kwa Sh 200 za Uganda kwa siku, ikafutwa 2021.

1. Soma maelekezo ya mwalimu: urefu, tarehe, namna ya kuandika marejeo.

2. Ipunguze mada mpaka iwe na mahali, miaka na jambo moja. "Athari kwa vijana" haina mwisho. Vijana gani, mtandao upi?

3. Igeuze kuwa swali ambalo jibu lake hujalijua bado. La kwangu: kwa nini kodi ile ilikusanya fedha chache kuliko lengo lake?

4. Kusanya vyanzo: sheria yenyewe, ripoti za UCC (Tume ya Mawasiliano ya Uganda) na URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda), magazeti ya Kampala, makala za wanazuoni. Andika tarehe na ukurasa palepale unaposoma.

5. Mpangilio. Hapa naomba mtulie, maana ndipo nilipoharibu mwaka wangu wa tatu. Niliandika vichwa: Utangulizi, Historia ya Facebook, Faida, Hasara, Mapendekezo. Kwenye karatasi ulipendeza. Nikajaza kurasa 22, na msimamizi akanirudishia akiwa ameandika pembeni neno moja kila baada ya kurasa chache: "Kwa hiyo?" Nilirudia kazi yote likizo, wenzangu wakiwa makwao. Kosa ni kwamba "Faida" haisemi kitu. Ni sanduku, na sanduku hupokea chochote unachotupia. Tangu hapo kila mstari wa mpangilio wangu ni sentensi kamili ambayo mtu anaweza kuibishia. Kwa mfano wetu:

– Serikali ilitaka kodi ifanye kazi mbili zinazopingana: Rais Museveni alilalamikia "lugambo", yaani umbeya, na hapohapo alitaka mapato. Watu wakiacha umbeya, mapato nayo yanapungua.
– Kuikwepa ilikuwa rahisi: ukiwasha VPN, yaani programu inayoficha unachofanya mtandaoni, kampuni ya simu haioni kuwa uko WhatsApp.
– Sh 200 ilikuwa ileile kwa tajiri na kwa anayenunua bando dogo la siku, kwa hiyo uzito wake haukuwa sawa.
– Mwaka 2021 serikali ilihamia kwenye kodi ya asilimia 12 juu ya data yenyewe, ambako VPN haisaidii. Hilo laonyesha iliona tundu liko wapi.

Tahadhari. Mstari usio na kitenzi, ufute. Mistari miwili ukiweza kuibadilishana nafasi bila chochote kuharibika, hujajenga hoja bado. Na mstari usio na chanzo hata kimoja usiuzibe kwa maneno matamu. Rudi hatua ya 4.

6. Tenga nafasi ya pingamizi. Kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya simu ilianza siku ileile, 1 Julai 2018. Ukisema watu walipungua mtandaoni kwa sababu ya Sh 200 tu, msomaji makini atakuuliza umezitenganishaje.

7. Utangulizi uandike mwisho.

MASWALI

Kijana_wa_Chuo: Mkuu, nitumie mpangilio uliokamilika wa "faida na hasara za TikTok". Natakiwa kukabidhi kesho.

Mwandishi: Hatua ya 2 na ya 5.

Kijana_wa_Chuo: Nimesoma, sijaelewa. Si unitumie tu?

Mwandishi: Kwa saa tano hujaniambia TikTok ya wapi wala ya mwaka gani. Niambie hayo mawili, nitakaa na wewe usiku huu.

Bint_Ujiji: Shikamoo mwalimu. Je, nikiandika sentensi kamili mapema hivyo, si nitakuwa nimeshaamua jibu kabla ya kusoma?

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri sana hili, nami lilinisumbua. Ziandike kwa penseli, yaani kama dhana. Mstari wangu wa VPN mwanzoni ulisema VPN ndiyo sababu pekee. Nilipokutana na kodi ya miamala nikaupunguza ukali. Ukimaliza kusoma na hakuna mstari hata mmoja uliobadilika, rudi kwenye vyanzo, hukuvisoma kwa kuvipinga.

Mzee_wa_Data: Mwandishi unawapa shida bure. Sisi tulitumia vichwa tu na tukafaulu.

Mwandishi: Kaka, mimi nilitumia vichwa nikarudia kazi. Nafundisha ninachokijua.

Nyota_ya_Kagera: Nachambua machapisho ya watu wa kawaida kwenye X (zamani Twitter). Nimeweka viungo, leo vitatu havifunguki.

Mwandishi: Pole dada. Chapisho hufutwa wakati wowote, kwa hiyo siku unayoliona piga skrinishoti, nakili maneno yake, andika tarehe na saa, na hifadhi ukurasa kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandaoni. Ila jina la mtu wa kawaida liondoe kwenye insha. Alikuwa anaongea na marafiki zake, hakujua atanukuliwa chuoni. Kauli ya waziri ni jambo jingine, huyo mtaje.

Nyota_ya_Kagera: Na maneno ya Kiganda niyatafsiri?

Mwandishi: Weka asili kwanza, tafsiri yako ifuate, na useme ni yako. "Lugambo" nimeiacha hivyo kwa makusudi, kwa sababu Rais alichagua neno hilo, na neno hilo lenyewe ni ushahidi.

Bint_Ujiji: Basi nami nataka kulinganisha na ada ya leseni ya blogu Tanzania, 2018. Mwaka mmoja, nchi jirani.

Mwandishi: Andika mistari yako minne uiweke hapa. Hiyo nitaisoma leo.