Namna ya kupima taarifa ya kutisha wakati wa uchaguzi

Mkulima wa Uyole au Mafinga, huko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mvua zikikaribia, kichwani ana mbolea. Uongo wa kisiasa huingilia hapo hapo: "Msipompa fulani kura, ruzuku inafutwa, na majina yenu tunayo."

Kwanza, taarifa kama hiyo usiisambaze, iache ilale usiku mmoja. Kisha igawe vipande viwili: jambo linalodaiwa, na jambo unalotakiwa ufanye. Cha pili ndicho kinachomfichua mtungaji.

Kuhusu majina: kura ni siri, na karatasi ya kura haiandikwi jina lako. Anayepita nyumba kwa nyumba akikusanya namba za vitambulisho vya mpiga kura hawezi kujua ulimchagua nani. Anachovuna ni woga wako. Mkatalie, hata akiwa shemeji.

Kuhusu ruzuku: ile ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 huenda kwa wakulima waliosajiliwa, kwa hiyo muulize mtendaji wa kijiji au afisa ugani: tangazo liko wapi, limesainiwa na nani, tarehe gani? Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi 3. Uliza pale, mbele ya wote, jibu liandikwe kwenye muhtasari.

Kosa linaloumiza wengi ni kuhesabu watu watatu waliotuma ujumbe wa sauti uleule kuwa mashahidi watatu. Muulize kila mmoja kaupata wapi. Mara nyingi wote wamechota kundi moja la WhatsApp. Hata mchungaji mwema, kama hakuliona jambo, si shahidi wake. Muulize yeye pia, kwa heshima: "Baba mchungaji, wewe umelisikia kwa nani?"